Anayekula Ndani ya Chepngeno

Mau Narok,
10 Februari 1957

Kwako shemeji Joash,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Hujambo wewe? Mama watoto hajambo? Na mzee Nyongesa, kifua chake kimetulia au bado anakohoa mpaka majirani wanaamka? Sisi ni wazima kiasi, na ng'ombe ni wazima kabisa. Mzungu wetu mwenye shamba amenipa ndama wapya niwalee, na wewe wanijua, ndama nikimlea mimi hata mama yake hamtambui kwa unene.

Ni dada yako aliyenisukuma niandike. Namalwa akishika neno haliachi, sijui ndivyo mlivyolelewa huko kwenye nyumba za landhi za reli. Neno lenyewe ni Chepngeno. Mtoto anakula, shemeji! Asubuhi uji bakuli na bakuli, mchana anataka sufuria ya viazi peke yake, jioni ugali na maziwa, na bado anapapasa jikoni kutafuta mabaki. Maji ndiyo usiseme. Anakunywa kama ng'ombe aliyetoka kulamba chumvi.

Lakini mwili hauonekani. Mbavu zote ziko nje. Namalwa anasema niandike na haya, ingawa ni aibu: mtoto wa miaka tisa amerudia kukojoa kitandani, na pale anapokojoa uani sisimizi wanajaa kana kwamba mtu amemwaga chai. Haya, nimeandika.

Watu wanasema ni minyoo, kwa hiyo nakuomba dawa ya minyoo, wewe uliye hospitalini. Lakini acha nikuambie na la moyoni, maana wewe ni mjomba wake na ni haki yako kujua. Kwetu mtoto akizaliwa, akina mama hukaa naye wakataja majina ya waliotutangulia, moja baada ya jingine, mpaka apige chafya. Lile analopigia chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. Chepngeno ni jina la kuitwa tu. Chafya aliipiga kwa jina la Kogo, yaani nyanya yangu mzaa baba, aliyenilea mimi.

Kogo alikufa katika njaa ya nzige. Nilikuwa mdogo sana. Kila jioni alinipa sehemu yake akasema yeye ameshakula kwa jirani. Jirani gani, shemeji, na watu wote walikuwa wanachemsha ngozi? Mpaka akashindwa kuinuka. Siku ya mwisho ndipo nilimsikia akiomba kwa mara ya kwanza. Alisema, "Kuna kilichobaki?" Hakikuwapo kitu.

Sasa nikimwona mtoto ameshika bakuli kwa mikono miwili, sioni ugonjwa. Naona mtu aliyelala njaa miaka mingi, hatimaye amepata mahali pa kula. Shangazi yangu Taprandich anasema vivyo hivyo. Ametuletea asali ya Wandorobo kutoka msituni, maana Kogo aliipenda, na kila siku nampa mtoto kikombe, naye anailamba mpaka chini. Nafurahi. Halafu naitazama miguu yake, furaha inaniisha.

Tuma dawa ya minyoo, kama ipo.

Ndimi shemeji yako,
Kosgei, baba Chepngeno


Nakuru,
17 Februari 1957

Mpendwa shemeji Kosgei,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia ndama wananenepa. Sisi hatujambo. Mzee anakohoa na kulalamika. Siku akiacha kulalamika ndipo tutaogopa.

Sasa nisikilize. Dawa ya minyoo sikutumii. Mlete mtoto Nakuru wiki hii. Mimi ni dresa tu, si daktari, lakini wodini nimewaona watoto wa namna hii, na yaliyowapata waliochelewa sitaki kuyaandika.

Chakula, shemeji, hakimpi mtu nguvu kwa kufika tumboni tu. Tumbo na utumbo huvunja ugali, viazi, uji, mpaka sehemu kubwa inageuka kuwa sukari. Sukari inaingia kwenye damu, damu inaibeba hadi kwenye nyama ya mkono, ya mguu, ya moyo wenyewe. Huko ndiko inakochomwa, pole pole, bila moto kuonekana, na hewa tunayovuta ni ya kuuchochea moto huo. Ndiyo sababu ukimshika mtu aliye hai unasikia joto, na maiti ni baridi.

Baba yetu alikuwa fayamani, mchochea moto wa gari la moshi zamani za kuni, umeshamsikia akisimulia mpaka ukasinzia. Kuni zikijaa nyuma ya injini hazivuti behewa hata moja. Sharti mlango wa tanuri ufunguliwe, kuni ziingie. Ndani ya mtu mlango huo hufunguliwa na maji fulani yanayotengenezwa kwenye kongosho, huko nyuma ya tumbo. Kwa Chepngeno naogopa yamekauka. Sukari imejaa kwenye damu yake haina pa kuingia, mwili unaitupa kwa mkojo, na mkojo unaondoka na maji yote. Ndiyo kiu hiyo. Ndio sisimizi hao. Mtoto anakula lakini nyama yake haipati kitu. Anakufa njaa na bakuli mkononi.

Asali ikomeshe leo. Najua si adabu mimi kukuamuru, wewe uliyetuletea ng'ombe nyumbani na tukala harusi. Lakini kila kikombe unachompa kinamzidishia ugonjwa. Nyanya yako sikumjua, Mungu amweke pema. Mtoto namjua, nilimbeba mgongoni, na bado namtaka.

Dawa ipo, ni ya sindano. Usingoje. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Mjomba wake,
Joash Nyongesa


Mau Narok,
12 Machi 1957

Kwako shemeji,

Salamu kwako na kwa wote wa nyumbani. Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaiweka chini ya godoro, na nikakaa nayo hivyo. Usione kimya ukadhani haikufika.

Kweli uliniuma. Umeniandikia kama karani anavyomfokea mtu aliyesahau kipande chake cha kazi. Nilimwomba mzungu ruhusa, akasema ng'ombe wanazaa, hakuna mtu kutoka. Ningeweza kumwomba tena. Sikumwomba. Namalwa tangu siku hiyo ananiwekea chakula bila neno, na ukijua mdomo wa dada yako utajua hiyo ni adhabu kubwa.

Hilo la kongosho nimeliwaza sana. Mimi nimechinja ng'ombe wengi, kongosho naijua, kipande cha nyama cheupe cheupe ambacho sisi huwatupia mbwa. Kwamba uhai wa mwanangu umekaa humo, siwezi kukataa na siwezi kukubali.

Lakini sikia lililotokea Jumapili. Nilikuwa nakamua. Mtoto akaja akasimama mlangoni mwa zizi, ameshika nguzo, akasema, "Baba, kuna kilichobaki?" Maneno yale yale, Joash! Na sauti ile ile, nyembamba, ya mtu asiyetaka kusumbua. Sijawahi kumsimulia. Niliiweka ndoo chini. Namalwa anasema mtoto yeyote mwenye njaa anaweza kusema hivyo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nilimjibu. Nikampa maziwa ya moto na asali yote iliyokuwapo, nikamwambia, "Kula, Kogo." Nikalia hapo hapo mbele ya ng'ombe.

Alikula, akatapika. Tangu jana analala tu. Anahema kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima, na pumzi yake inanukia ndizi mbivu, harufu tamu inajaa nyumba. Shangazi anasema ni Kogo ameshiba, sasa amepumzika. Nami nataka kuamini, lakini ninapomwita mtoto hafumbui macho vizuri. Nieleze wewe, harufu hiyo ni ya nini?

Barua hii anakuletea Achola, yule dereva wa lori la viazi. Mpe jibu.

Shemeji yako,
Kosgei


Nakuru,
13 Machi 1957

Kosgei,

Salamu baadaye. Achola yuko langoni na nimemwambia asizime injini.

Harufu hiyo ni mtoto anajichoma mwenyewe. Mwili ukishindwa kuitumia sukari unageukia mafuta yake na nyama yake, na hiyo inayonukia ndizi ndiyo moshi wake. Si shibe. Na usingizi huo si usingizi.

Mpakie kwenye lori hili hili, yeye na mama yake, na wewe upande. Mzungu nitamwomba msamaha mimi, kwa magoti akitaka.

Usijibu barua hii. Mlete.

Mjomba wa Chepngeno


Nakuru,
4 Aprili 1957

Mpendwa shemeji,

Salamu za furaha. Nakuandikia nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake, naye anachungulia kalamu na kuniambia mwandiko wangu ni mbaya. Ndiyo, huyo huyo! Najua ulipoondoka hapa kurudi kazini ulikuwa umeshakata tamaa. Nilikuona ukimshika kisigino chini ya blanketi kama mtu anayeaga.

Daktari alimtia maji ya chumvi kwenye mshipa na kumchoma ile dawa, insulini, tena na tena, na sisi tukikesha. Alipofumbua macho hakuuliza chakula. Aliuliza kama ng'ombe wake mweupe amezaa. Namalwa alitoka nje akapiga kigelegele mpaka nesi akamkemea.

Nisamehe kwa barua ile fupi. Hakuna mtu anayestahili kumwandikia shemeji yake bila kumjulia hali. Niliogopa.

Sasa yanayofuata ni magumu kuliko yaliyopita, na nataka uyasikie kwangu. Dawa hii haiponyi. Inaufungua ule mlango kwa siku moja, kesho yake umefungwa tena. Itabidi achomwe kila asubuhi kabla ya uji, na akishachomwa lazima ale, kwa kipimo tutakachowapa, asizidishe wala asipunguze. Kila siku, shemeji. Mpaka atakapokuwa nyanya wa watu.

Namalwa tumemfundisha, lakini akishika sindano mkono unamtetemeka na machozi yanamtoka. Wewe unachoma ng'ombe sindano tangu ujana wako, na mkono wako ni mwepesi. Kazi hii ni yako. Sindano ichemshwe, chupa ikae mahali pa baridi. Na kwa baridi ya Mau Narok hapo hamna shida. Chupa zikikaribia kwisha, Achola atachukua nyingine kwangu.

Njoo uwachukue mwisho wa mwezi. Anakungoja kwa hamu.

Mjomba wake,
Joash


Mau Narok,
23 Juni 1957

Kwako shemeji Joash,

Hujambo na wako wote? Mzee aendeleaje na mvua hizi? Sisi huku mahindi yamekataa kwa baridi, viazi vimekubali. Namalwa ameanza tena kuongea, na sasa namwomba Mungu anipunguzie.

Chepngeno amenenepa. Juzi alikimbiza ndama hadi mtoni, akarudi amejaa matope, anacheka. Kumchoma si kazi. Anakaa juu ya gogo, anakaza macho, imekwisha. Kwa hili sina asante ya kukutosha.

Lakini kuna jambo linanila, na hapa hakuna mtu wa kumwambia. Mtoto sasa anabakiza chakula. Anasukuma sahani anasema ameshiba. Neno hilo nilipaswa kulichezea ngoma, na mara ya kwanza nilicheka nikamwinua juu. Baadaye nikaona nyumba imekuwa kimya, kama vile mgeni aliyekuwamo ameondoka bila kuaga. Shangazi Taprandich akanishika nje akaniambia, "Umemfukuza kwa chuma cha sindano. Alikufa njaa kwa ajili yako, akaja kwako kula, nawe umemtoa mlangoni kabla hajashiba." Mimi nimebatizwa, Joash, Jumapili niko kanisani mstari wa mbele. Hata hivyo maneno hayo yaliingia, yakakaa.

Jumatatu sikumchoma mtoto. Nilimwambia Namalwa nimeshamchoma.

Mchana alikunywa maji mno. Jioni akaja zizini, akashika nguzo, akaniuliza, "Baba, kuna kilichobaki?" Ilikuwa sauti yake, shemeji. Kogo alikuwa amerudi. Nilimpa kila kitu, maziwa, ugali, viazi vya watu wote, nikamtazama akila mpaka mwisho. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kama mtoto mdogo.

Asubuhi kitanda kilikuwa kimelowa na midomo imemkauka, nikamchoma upesi. Namalwa hajui mpaka leo.

Nakuuliza wewe uliyesoma mambo ya mwili. Haiwezekani tukagawana? Siku sita ziwe za mtoto, na siku moja tu katika juma iwe ya Kogo? Siku moja haiwezi kumuua. Nijibu kwa upole, maana nimechoka.

Shemeji yako,
Kosgei


Nakuru,
27 Juni 1957

Mpendwa shemeji,

Natumaini hamjambo, na sitauliza zaidi maana mkono unataka kuandika jingine.

Hapana. Hakuna siku ya Kogo. Wala nusu siku.

Umeniomba upole, nitajaribu. Siku usiyomchoma, unadhani mtoto anakosa ili nyanya yako ale. Hakuna anayekula! Kile chakula chote ulichompa Jumatatu kilipita kama maji kwenye kikapu, kikaishia kwenye godoro. Kogo hakupata hata tonge. Aliyeliwa ni Chepngeno, aliliwa na mwili wake mwenyewe. Wakati unamtazama kwa furaha, alikuwa anapungua mbele ya macho yako.

Na ile sauti naijua. Naisikia wodini kwa wazee, kwa watoto, kwa Mkipsigis na Mluhya na Mjaluo. Wenye njaa wote wana sauti moja, shemeji. Uliisikia ukiwa mdogo kwa mtu uliyempenda, ndiyo maana unadhani ni yake peke yake.

Yule mama alijinyima ili mtoto aishi. Ndivyo ulivyoniandikia mwenyewe. Mtu wa namna hiyo atarudije kumnyang'anya mtoto chakula?

Sasa neno la mwisho, na hili nasema kama mjomba, si kama dresa. Nimemwambia Achola: siku yoyote Namalwa atakapompungia mkono barabarani, awapakie wote wawili awalete kwangu. Ukija kudai, nitakurudishia ng'ombe wako wote na ndama waliowazaa. Mtoto sikurudishii. Nakupenda, Kosgei, na wewe wajua. Lakini nitafanya hivyo.

Mjomba wake,
Joash


Mau Narok,
15 Septemba 1957

Kwako shemeji Joash,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Natumaini mzee amepata nafuu; Achola aliniambia mlimlaza. Mpe pole zangu, na viazi vichache alivyobeba Achola ni vyake, asimpe mtu.

Najua ulikuwa ukituma chupa na kutazama kama kuna barua, na barua hakuna. Ilikuwa aibu. Leo Namalwa amenikalisha chini akaweka karatasi mbele yangu.

Barua yako ilinikasirisha, kisha ikanitisha, na nikamchoma mtoto kila asubuhi kama ulivyosema. Lile ulilosema juu ya Kogo, kwamba hawezi kumnyang'anya mtoto, nililiwaza sana, na nitakuambia kweli, sikuliamini. Aliyekufa njaa ana njaa yake. Hatujui huko aliko inamfanya nini. Kwa hiyo Shangazi Taprandich alipokuja tena mwezi wa saba na shauri lake, nilimsikiliza. Alisema tumwandalie Kogo mlo mmoja mkubwa. Mtoto asichomwe asubuhi hiyo, aitwe kwa jina lake la ndani, lile la chafya, ale kwa niaba yake mpaka atosheke, na Kogo ataaga kwa heri asirudi tena. Nikakubali. Nilijiambia ni mara ya mwisho.

Namalwa nilimtuma dukani mbali. Akina mama wa ukoo wakaja. Mezani kulikuwa na ugali wa wimbi, nyama ya mbuzi, kibuyu cha mursik, maziwa yetu yaliyogandishwa, asali imejaa bakuli. Tukamkalisha mtoto katikati, Shangazi akamwita kwa jina la Kogo, akamwambia ale.

Chepngeno aliitazama ile asali muda mrefu. Mate yalimjaa, nilimwona akimeza. Kisha akainuka, akaenda kwenye kisufuria ambacho sindano huchemshiwa, akaichukua, akatoa chupa mahali ninapoiweka, akavuta dawa akiishika juu kwenye mwanga kama nifanyavyo mimi. Hakuna aliyemfundisha. Akapandisha gauni, akajichoma pajani mbele yetu sote, na mkono haukutetemeka. Nilikimbia nikatazama kipimo kabla hajamaliza; kilikuwa sawasawa.

Akaniambia, "Baba, anayesikia njaa ni mimi. Nikila hivi bila sindano nitaamka na kiu, na tumbo litaniuma, na nitakuja kukuomba tena. Na wewe utafurahi."

Alijua, Joash! Mtoto wa miaka tisa alikuwa ameniona uso siku ile ya Jumatatu, akanyamaza nalo wiki zote hizo. Alikaa juu ya lile gogo kila asubuhi akinipa mguu wake, huku akijua kwamba baba yake anamtamani akiwa na njaa. Sijawahi kusikia aibu ya namna hiyo. Nilipiga magoti pale pale, mbele ya akina mama, nikamwomba msamaha, naye akanishika kichwa kwa sababu hakujua afanye nini.

Kisha akala kipimo chake cha ugali akaenda kwa ndama.

Nikawaomba akina mama warudi makwao. Shangazi alisimama akatema mate upande, na tangu siku hiyo tukikutana njiani hatusalimiani. Kile chakula nilikibeba mwenyewe mpaka nyuma ya zizi, msitu unapoanzia, nikakiweka chini nikasema kwa sauti, "Kogo, nilikuwa mdogo, ulinipa, nikala. Sasa umekuja kwangu nami nakufukuza. Kwa mtoto huyu hutakula tena. Nenda." Nilipofika mlangoni nikasikia mbwa wanagombania.

Mtoto hajasema tena yale maneno. Lakini mimi, shemeji, nikikaa mbele ya sahani yangu, naona kama kuna mtu amesimama nyuma yangu. Haulizi kitu. Amesimama tu, na tonge linakataa kushuka. Namalwa anasema nimekonda, anataka nije Nakuru unipime mkojo. Usijisumbue. Sukari sina.

Chepngeno ameanza shule hapa shambani. Anajichoma mwenyewe sasa, mimi namshikia chupa tu. Anawaonyesha wenzake makovu anawaambia ni meno ya nyoka, na wanamwamini. Yuko hai na ana kelele, na hiyo ndiyo habari niliyokaa chini kukuandikia.

Kogo alijinyima ili mimi nile. Mimi nimemnyima ili mwanangu ale, na leo ningemnyima tena. Lakini siku nitakapomfikia huko aliko, Joash, sijui tutasalimianaje.

Ndimi shemeji yako,
Kosgei, baba Chepngeno